Umehesabu Ukuta

Wiki mbili za kwanza kwenye ofisi ya wakaguzi wa hesabu nilitoboa karatasi tu. Mashine ya kutobolea ilikuwa ya chuma, nzito kama tofali, na mbele yangu kulikuwa na makatoni matatu ya risiti, ankara na stetimenti za benki, yote ya mteja mmoja. Panga kwa tarehe, toboa, ingiza kwenye faili. Ukitoboa upande, karatasi inachungulia nje ya faili kama petikoti iliyoshinda sketi urefu, na Sinia, aliyekuwa akinisimamia, anakurudishia faili zima bila kusema neno.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa shahada ya biashara. Darasani nilikuwa nimeshaandaa mizania ya kampuni mama na kampuni tanzu zake tatu, zote za kubuni, na hesabu zikalingana mara ya kwanza. Lakini sikujua kwamba risiti ya mashine ya dukani, ile karatasi laini inayong'aa, hufifia. Iache karibu na dirisha miezi michache, utaikuta nyeupe kana kwamba haikuwahi kuandikwa kitu. Kwa hiyo kabla ya kuitoboa unaitoa kopi kwanza, halafu unazibana pamoja. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kuhusu ukaguzi wa hesabu, na hakuna mhadhiri aliyewahi kunitajia.

Nafasi yenyewe niliipata kwa miguu. Aprili 2025 nilichapisha barua kumi na nne za kuomba atachimenti, yaani mafunzo ya kazini ya mwanafunzi, nikaanzia Kenyatta Avenue pale Nakuru, nikapanda na kushuka ngazi siku tatu. Kila ofisi walikuwa wapole, kila ofisi "tutakupigia". Aliyepiga ni mmoja, wa ofisi iliyokuwa ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, watu saba ukimhesabu na anayepika chai. Mshahara hakuna. Kuna nauli ya wiki na chai ya saa nne. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Wanafunzi wenzetu wa ng'ambo huziita hizi kazi za kiangazi. Huku kwetu zilikuja na baridi ya Juni na Julai, ile ya kukufanya uchape kwa vidole viwili huku vingine umevificha kwenye mkono wa sweta.

Bosi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, CPA, mhasibu aliyefuzu, wa siku nyingi. Sote tulimwita Madam. Ukutani nyuma ya kiti chake kulikuwa na fremu mbili zinazolingana ukubwa: cheti chake cha ICPAK, chama cha wahasibu wa Kenya, cha kumruhusu kufanya kazi ya ukaguzi, na methali iliyochapishwa kwa wino wa kijani: Mali bila daftari hupotea bila habari. Ukimletea Madam faili lililokosa kitu, hakugombi. Anageuza kiti kidogo, anatazama ile fremu ya pili, anasubiri ujisomee.

Nilidhani kazi ya mhasibu ni hesabu. Hesabu zenyewe zinafanywa na kompyuta, na pale ambapo hazifanywi na kompyuta ni kujumlisha na kutoa, mambo ya darasa la nne. Kinachoendesha ofisi ni tarehe. Tarehe 9 kodi ya mishahara ya mwezi uliopita iwe imelipwa, pamoja na makato yale mengine: NSSF ya akiba ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF, asilimia 1.5 ya nyumba ambayo mwajiri naye anaongeza 1.5 yake. Tarehe 20 ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Wateja wetu wengi walikuwa watu wa maduka ya pembejeo, hadwea, matatu mbili tatu, shule ya binafsi ya mtaani, na kila mmoja wao aliamini kwamba tarehe 20 maana yake ni tarehe 20 saa kumi na moja jioni.

Halafu kuna tarehe 30 Juni.

Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya mtu binafsi kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya kipato chake kwa ajili ya kodi, ya mwaka uliopita, na kuanzia katikati ya Juni ngazi zetu zilijaa. Mwaka huo mambo yalibanana zaidi, kwa sababu Jumatano ya tarehe 25 maandamano yalifunga maduka mjini na siku nzima ikapotea. Wengi waliokuja hawakuwa na kipato chochote cha kutangaza: vijana wasio na kazi, wanafunzi, mama aliyechukua PIN, namba ya mlipakodi, ya KRA, mamlaka ya kodi, ili asajili pikipiki ya mwanawe. Hao unawajazia ritani ya sifuri, dakika tano, kama wanakumbuka nywila. Hakuna anayekumbuka nywila. Na barua pepe waliyosajilia ilifunguliwa na kijana wa saiba, ambaye siku hizi yuko Qatar.

Siku moja, foleni ilipopungua, Sinia akaniuliza kama wakili anayemuuliza shahidi: "Na wewe? Yako umewasilisha?"

PIN yangu niliichukua 2022 nilipoomba mkopo wa masomo wa HELB. Tangu siku hiyo sikuifungua tena. Tukaifungua pamoja. Mwaka wa 2022 hakuna, 2023 hakuna, na 2024 ndio huo unaelekea kunipita. Adhabu ya mtu binafsi kwa kuchelewa ni shilingi 2,000 kwa kila mwaka, hata kama hukupata senti. Nilikuwa nakaa pale nikiwahubiria watu wazima kuhusu kutii tarehe, na mimi mwenyewe nina deni la miaka miwili. Niliponea padogo: kulikuwa na msamaha wa serikali wa adhabu na riba kwa vipindi vya hadi mwisho wa 2023, nao ulikuwa unafungwa tarehe hiyo hiyo 30 Juni 2025. Sinia alicheka mpaka akavua miwani.

Nieleze kuhusu Sinia kidogo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na nane hivi, amebakisha mitihani michache ya uhasibu ya KASNEB, na yeye ndiye aliyetumwa kwa wateja. Siku aliyonitoa kwenye mashine ya kutoboa, alinipa kalamu ya kijani na karatasi yenye alama za tiki za ofisi yetu. Tiki ya kawaida: nimeiona hati yenyewe. Tiki yenye mkia: nimejumlisha upya. Tiki ndani ya duara: nimelinganisha na stetimenti ya benki. "Tiki ni kiapo," aliniambia. "Usipige kwa kitu ambacho macho yako hayajakiona." Nikaitikia. Ni rahisi sana kuitikia.

Mteja wetu mkubwa wa msimu huo alikuwa mfanyabiashara wa mahindi na mbolea. Tulienda ofisini kwake kukagua vocha, zile karatasi za kuandikia malipo, na hapo ndipo nilipokutana na ugumu halisi wa kazi hii, ambao hauko kwenye silabasi.

Mtunza vitabu wake alikuwa mama wa rika la mama yangu. Kila asubuhi alituletea chai ya maziwa na mandazi kabla hatujafungua faili. Nikaanza vocha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa imeandikwa "chai, 3,000" na nyuma yake hakuna kitu. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo mimi niliiona ya kawaida kabisa: "Risiti ya hii iko wapi?"

Akaweka kikombe chini. "Wewe ni mtoto wa nani?"

Hakuuliza kwa sababu alitaka kumjua baba yangu. Sinia akanivuta kando, kwenye korido, na akanifunza pale pale maneno ambayo nimeyatumia tangu hapo. Usiulize iko wapi. Usiulize kwa nini hakuna. Sema: "Mama, naomba unisaidie kuiona risiti ya hii." Eti tofauti ni nini? Swali la kwanza linamweka kizimbani. La pili linampa kazi ya kunisaidia mimi, mgeni, mtoto asiyejua mambo, na mama yeyote wa Kiafrika atainuka kumsaidia mtoto asiyejua mambo. Lakini risiti unayoiomba ni ile ile, na isipopatikana utaandika kwamba haikupatikana, neno kwa neno.

Sisi tumelelewa hivi: mtu mzima akisema jambo, limekwisha. Baba akisema amelipa karo, humwombi stakabadhi. Shangazi akisema chenji ilikuwa mia mbili, ilikuwa mia mbili. Sasa hii ni kazi ambayo msingi wake wote ni kutomchukua mtu mzima kwa neno lake. Unakunywa chai yake, unakula mandazi yake, halafu unamtaka athibitishe. Kwa wiki mbili nilirudi nyumbani kwa shangazi, mtaa wa Free Area, nikijiona nina utovu wa adabu ambao nimelipwa nauli kuufanya.

Vocha ile ya chai, kama mnataka kujua, haikuwa chai. Mama wa vitabu alitueleza kwa utulivu kwamba ni pesa za njiani za dereva wa lori, na kwamba huko njiani risiti haiandikwi. Sinia akaandika: hakuna hati ya kuthibitisha. Isitoshe, tangu 1 Januari 2024 gharama ya biashara isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haipunguzi kodi, ukiacha chache zilizosamehewa, kwa hiyo hata ingekuwa chai halisi, yenye majani na sukari, isingesaidia. Mama akatikisa kichwa. "Basi serikali ije ikae kwenye hilo lori," akasema, akaenda kutuongezea mandazi.

Sasa nifike kwenye stoo.

Mwaka wa hesabu wa mteja huyu uliisha tarehe 30 Juni, siku ile ile ya ritani. Mwisho wa mwaka lazima mzigo uhesabiwe, na mkaguzi awepo. Sababu ni rahisi: unachukua mzigo ulioanza nao, unaongeza ulionunua, unatoa uliobaki, na kinachosalia ndiyo gharama ya uliouza. Ukikosea uliobaki, umekosea faida. Ukikosea faida, umekosea kodi. Kazi hii hufanywa na watu wawili, mmoja anahesabu na mwingine anaandika. Lakini Jumatatu hiyo nusu ya ofisi ilikuwa imezama kwenye foleni ya sifuri, na mteja alikuwa na stoo mbili. Sinia akaenda ya mbolea. Mimi nikapewa ya mahindi, ng'ambo ya reli, peke yangu, na maneno: "Ni rundo moja tu. Juni mahindi hayapo."

Ni kweli. Huku kwetu mahindi huvunwa mwisho wa mwaka, na kufikia Juni stoo nyingi zinaonyesha sakafu. Hii ilikuwa na rundo moja limesimama katikati kama nyumba ndani ya nyumba, na mlinda stoo, mzee mwembamba mwenye koti la kaki na kofia ya sufi, ameketi juu ya gunia tupu lililokunjwa, redio ndogo kando.

Nilianza vizuri. Niliandika namba ya mwisho ya hati ya kupokea mzigo na namba ya mwisho ya hati ya kutoa, ili lori litakaloingia saa nane lisihesabiwe kama la mwaka ulioisha. Nikajisifu moyoni. Halafu nikasimama mbele ya rundo. Magunia sita kwa upana. Nikazunguka kando, magunia manane kwenda nyuma. Kwenda juu kumi. Sita mara nane mara kumi: 480. Nikaandika 480, nikapiga tiki ya kijani, ya kawaida, ile ya kusema macho yangu yameona.

Nyuma kabisa sikufika. Kulikuwa na giza, kulikuwa na vumbi, na mimi nilikuwa nimevaa sketi nyeusi niliyoazima.

Kitabu cha ofisi kilisema 396. Nikatuma tarakimu zote mbili kwa Sinia kwa WhatsApp. Na nikiri hapa: nilifurahi. Magunia 84 zaidi ya kitabu! Atachi wa wiki ya saba amegundua jambo. Nilishaanza kuona jinsi nitakavyoliandika kwenye kitabu changu cha kumbukumbu cha chuo, kwenye ule ukurasa wa "changamoto na mafanikio".

Sijui ni nani hasa aliyempigia mwenye mali. Dakika kumi baadaye simu ya mzee ililia. Hakuizungumzia kando, alibaki pale pale, akaipunguza redio, na mimi nilisikia upande wake tu. "Ndiyo, bosi." Kimya. "Hapana, bosi, si ya mtu." Kimya kirefu. "Mimi sijaweka mahindi ya broka yeyote hapa. Miaka kumi na mmoja, bosi, umewahi..." Kimya. "Sawa. Njoo uone."

Kwenye biashara ya nafaka mzigo kuzidi si habari njema. Mzigo ukipungua, mtu ameiba. Ukizidi, mtu amegeuza stoo ya tajiri kuwa stoo yake, anawawekea mabroka mahindi yao kwa ada ya chini ya meza. Hilo nililijua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba mikono ya mzee, alipokuwa akirudisha simu mfukoni, ilikosa mfuko mara mbili.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, au alikuwa nayo akaiweka mahali pengine.

"Msichana wangu, umeandika ngapi?"

"Mia nne na themanini, mzee."

"Ulipanda juu?"

Sikujibu.

"Umehesabu ukuta," akasema. "Mahindi hujahesabu."

Akachukua ngazi ya mbao iliyokuwa imelala kando ya ukuta, akaiegemeza, akaishika chini kwa mikono miwili. Nikapanda na sketi yangu ya kuazima. Kule juu niliona. Upande wa mbele rundo lilikuwa zima, gunia kwa gunia, mpaka ukingoni. Lakini nyuma, kuelekea mlango wa pili, kulikuwa na shimo, kama jino lililong'olewa: magunia matatu kwa upana, manne kwa urefu, saba kwenda chini. Mbele barabara ilikuwa tope kwa mvua, akanieleza akiwa chini, kwa hiyo malori yalikuwa yakipakia kwa nyuma, na wapakizi wanachukua lililo karibu. Tatu mara nne mara saba. Nilipiga hesabu hiyo kule juu huku nimeshika paa kwa mkono mmoja. Themanini na nne.

Niliposhuka hakunisema. Alienda kwenye koti jingine lililotundikwa msumarini, akatoa daftari la shule, lile la kurasa 48 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na akanionyesha. Kila lori, kila tarehe, kila idadi, kwa mwandiko wa penseli uliosimama wima. Mstari wa mwisho: 396. Hakuna aliyemwagiza aliandike; kadi ya stoo ya ofisi ilikuwa nyingine. Hili lilikuwa lake.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumwomba. Alichukua bambo, kile chuma cha mfereji chenye ncha, akalichoma gunia la pembeni, akakinga kiganja. Punje zikamiminika, za rangi moja, kavu, zikilia kama changarawe. Akanimiminia kwenye kiganja changu. "Na hili nalo huangalii? Gunia laweza kuwa na makapi katikati. Utahesabu gunia, utakuwa umehesabu makapi." Tukachoma magunia kumi na mawili, yeye akichoma, mimi nikikinga na kuandika. Naamini huo ndio ukaguzi wa kwanza niliowahi kufanya maishani, na aliyenisimamia ndiye niliyekuwa nimetumwa kumkagua.

Tajiri alifika saa tisa, akiwa bado amevimba. Sinia alikuja nyuma yake na bodaboda. Nilikuwa nimejipanga kusema sentensi ndefu yenye maneno kama "tofauti ya awali" na "imebainika". Nilichosema ni: "Ni mimi niliyekosea. Sikupanda juu. Ni 396 kama mzee alivyoandika." Tajiri akamtazama mzee, akasema, "Basi sawa," akaondoka kwenda kupokea simu nyingine. Hiyo "basi sawa" ndiyo radhi pekee aliyopewa mzee na tajiri wake. Yangu nilimwomba tulipobaki wawili. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaongeza sauti ya redio, akasema, "Mbolea yao pia wahesabu vizuri. Huko ndiko kuna nyuma nyingi."

Kwenye ukaguzi hufuti. Hakuna kifutio, hakuna ile rangi nyeupe ya chupa. Unakata kosa kwa mstari mmoja, ili lisomeke, unaandika sahihi juu yake, unatia jina na tarehe. Kwa hiyo karatasi ile ina 480 yangu yenye mstari katikati, na tiki ya kijani iliyokatwa pia, na jina langu kando. Sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu ziwekwe miaka 5. Iko kwenye faili, kabatini, ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, mpaka 2030, na bila shaka imetobolewa vizuri.

Kesho yake Madam aliniita. Aliigeuza karatasi ya nyuma ya kalenda na kuandika, bila kuinua sauti: magunia 84, tuseme kila moja lilimgharimu mteja 4,000, ni 336,000. Hiyo ingeingia kwenye faida. Kodi ya kampuni ni asilimia 30. Akaichorea mistari miwili chini: 100,800. "Kwa ajili ya sketi," akasema. Sinia alikuwa amemsimulia kila kitu. Kisha akageuza kiti kidogo. Nilikuwa nimeshajisomea kabla hajamaliza kugeuka.

Mhadhiri wa chuo alikuja kunitembelea mara moja, wiki ya tisa, dakika ishirini. Alitaka kujua kama kitabu cha kumbukumbu kimepigwa mhuri kila wiki. Kilikuwa kimepigwa. Aliuliza changamoto, nikasema usafiri. Alinipa alama 78.

Agosti nilipomaliza nilirudi nyumbani Molo kabla chuo hakijafunguliwa. Kwetu tunazungumza Kiswahili, maana baba ni Mkikuyu na mama ni Mluhya na kila mmoja alikataa kushindwa. Mama ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne. Jioni ya pili, akichambua maharagwe, akaniambia kwa kujivuna kidogo kwamba Jumapili kuna mkutano na mwenyekiti amesema kwa kuwa mtoto wa hazina sasa ni mkaguzi, aangalie kitabu.

Nilikipitia. Kilikuwa safi. Mwisho wa ukurasa salio lilikuwa 37,650. Ningeweza kupiga tiki na kwenda kulala.

"Mama," nikasema, "naomba unisaidie kuziona hizo pesa."

Mikono yake ikasimama ndani ya ungo. "Unanikagua?"

"Naomba tu unisaidie kuziona."

Akainuka. Alikawia chumbani kuliko inavyochukua kutoa kopo chini ya kitanda. Aliporudi aliliweka mezani, kopo la biskuti lenye picha iliyofutika, akavuta kiti akaketi mkabala nami, wala hakurudi kwenye maharagwe. Tukahesabu noti, tukahesabu sarafu. Nikahesabu tena. 37,447.

Mia mbili na tatu zimepungua.

Mama hakusema kitu. Alifungua fundo la leso kiunoni, akatoa noti ya mia mbili na kuanza kutafuta shilingi tatu kati ya sarafu zake, kichwa kimeinama, na nikaona zile shilingi tatu zinamsumbua kuliko zile mia mbili.

"Mama, ngoja. Naomba kwanza nione simu yako."

Kuna wanachama ambao hawaji mkutanoni, wanatuma mchango kwa M-Pesa, na yeye huenda kwa wakala kuzitoa ili kopo liwe na pesa taslimu. Kitabuni anaandika kile walichotuma. Nilishuka na ujumbe mmoja mmoja tangu Januari, mpaka nikaupata wa saba. Kila mmoja, karibu na mwisho, mahali ambapo hakuna anayesoma, ulikuwa na gharama ya kutoa: 29.

Nikampa simu ajionee. Alizisoma zote saba, polepole, midomo ikitembea. Kisha akaichukua ile noti mezani, akairudisha kwenye leso, akafunga fundo, akaniambia nimalizie maharagwe.